Notisi zangu kwenye skripti yake: kisa cha binti wa HKL na pepa ya pili ya Kiingereza

Usiku mmoja wa Februari, wiki moja baada ya moko, ule mtihani wa majaribio, nilikuwa na skripti mbili mezani, zote za binti mmoja wa kidato cha sita. Moja ilikuwa yangu, ya Kiingereza pepa ya pili, ile ya fasihi. Nyingine nilikuwa nimeiazima kwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili. Katika swali la riwaya la Kiswahili alikuwa amepata alama 16 kati ya 20. Katika swali la riwaya la Kiingereza alikuwa amepata 6, na moja kati ya hizo sita niliitoa kwa huruma.

Mwandiko ulikuwa ule ule. Anakata t kwa mstari mrefu unaovuka herufi mbili zinazofuata, anaacha mstari mmoja kati ya aya na aya. Ila ukizisoma zote mbili, ungeapa kwamba zimeandikwa na watu wawili ambao hawajawahi kukutana.

Katika Kiswahili alikuwa anajadili *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi. Aliandika kwamba mwandishi anatuanzishia na uso mdogo wa Yasmin, kwa hiyo msomaji anakutana na mtoto kabla hajakutana na mke wa mtu, na hapo hapo ndoa yake na Bwana Raza inakuwa imeshahukumiwa, hata kabla hatujaambiwa tofauti ya umri wao. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyaona hayo mwenyewe. Nilikaa na ile aya muda mrefu.

Swali letu la Kiingereza, nikilitia kwenye Kiswahili, liliuliza hivi: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, onesha jinsi mandhari inavyosema yale ambayo wahusika wenyewe hawayasemi. Vitabu alivyochagua vilikuwa *The Beautyful Ones Are Not Yet Born* cha Ayi Kwei Armah na *A Man of the People* cha Chinua Achebe. Alianza kwa kueleza maana ya fasihi. Kisha zikafuata hoja sita, tatu kwa kila kitabu: rushwa, matabaka, usaliti, nafasi ya mwanamke, ukoloni mamboleo, uongozi mbaya. Kila aya ilianza kwa maneno yale yale na kuisha kwa maneno yale yale. Koomson, yule mkubwa wa chama katika kitabu cha Armah, alitajwa mara nne. Hakuna hata mara moja alipokuwa amekaa mahali, ameshika kitu, au anatembea kwenda popote. Neno mandhari lilikuja kwenye sentensi ya mwisho ya insha, limetupwa pale kama mtu aliyekumbuka mlangoni kwamba hajaaga.

Nilimwita kesho yake wakati wa mapumziko ya chai.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hebu niambie, Koomson anatoroka vipi mwishoni?"

Kimya. Akatazama viatu vyake.

"Wanajeshi wameshachukua nchi, wanamtafuta, yuko nyumbani kwa yule bwana. Anatokea wapi?"

"Madam, hiyo kwenye notisi haipo."

Alisema kwa adabu kabisa, kama mtu anayetoa taarifa. Nikamuuliza kama amesoma kitabu. "Nimesoma uchambuzi, madam." Nikamuuliza uchambuzi wa nani. Akafungua daftari, akanigeuzia. Ulikuwa wangu. Ile sentensi iliyokuwa inafungua kila aya ya insha yake niliitunga mimi, mwaka mmoja na nusu nyuma, nikiisoma polepole mbele ya kidato cha tano ili waandike.

Ilikuwaje tukafika hapo

Kwa asiyejua mambo ya sekondari zetu za Tanzania: HKL ni tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mtihani wa kidato cha sita huwa mwezi Mei, na Kiingereza kina pepa mbili, ya kwanza ya lugha yenyewe, ya pili ya fasihi. Darasa hili pepa ya pili ilikuwa ya saa 3, maswali 5, alama 20 kila moja, na swali la riwaya hutaka vitabu viwili. Gawanya mwenyewe: dakika 36 kwa swali, ndani yake usome, upange, uandike vitabu viwili kwa Kiingereza kinachosomeka.

Tulikuwa na wasichana 43 na nakala 7 za Armah, mbili hazina jalada. Wasichana hawa wamesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, wakaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Kufika kidato cha tano wanaweza kuandika barua ya kuomba kazi na kujibu maswali ya ufahamu. Armah ni jambo jingine. Sentensi zake ni ndefu, zinazunguka, zinarudi nyuma kwenye kumbukumbu bila kuaga. Mhusika mkuu hana hata jina, anaitwa tu yule mtu. Binti anafika ukurasa wa kumi, hajui nani anaongea, anakirudisha kitabu maktaba na kwenda kununua desa lililotolewa fotokopi. Hapo kuna kila kitu: dhamira, wahusika, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Kila kitu isipokuwa kitabu.

Na mimi nilikuwa nakimbizana na silabasi. Kusoma kitabu darasani kunakula wiki, kuwaimlia hoja kunakula vipindi vitatu. Nilijiambia nawasaidia. Kuna imani pia, tunairithishana walimu na wanafunzi, kwamba msahihishaji anahesabu hoja: utangulizi, hoja sita, hitimisho, basi. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Lakini Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na yake, zenye vipande vya majibu mazuri na mabovu. Zipo wazi. Mwalimu yeyote anaweza kuzisoma akaona kwamba hoja iliyotajwa bila kujibu kilichoulizwa, na bila ushahidi kutoka kitabuni, haimfikishi mtoto mbali.

Mwenzangu mmoja ofisini alisema tatizo ni lugha: "Kiingereza chao kibovu, utawalaumu bure." Sikukubali, na skripti ya Kiswahili ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukataa. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, ndiyo. Lakini aya zake hazikuwa na makosa ya lugha kiasi hicho, kwa sababu zilikuwa zangu. Zilipungukiwa na mtu anayeona kitu. Na mtu huyo alikuwepo, nilikuwa nimemsoma usiku kwenye ile skripti nyingine.

Konda anayenusa pesa

Tulianza na kurasa za kwanza za Armah, mimi na yeye na wenzake wanne, kwenye prepu ya usiku. Nilisoma kwa sauti, Kiingereza, taratibu. Kisha nikasema: nielezeni kwa Kiswahili mnachokiona. Si dhamira. Mnachokiona.

Basi linatembea alfajiri bado giza. Abiria wamechoka. Konda anahesabu mapato yake, anashika noti ya sidi, pesa ya Ghana, anaipeleka puani.

"Anainusa, madam?"

"Anainusa."

"Kwa nini mtu anuse pesa?"

"Wewe niambie."

Mmoja akasema pesa za konda zinanuka kweli, kwao stendi makonda wanazikunja kwa urefu na kuzibana kati ya vidole, mpaka jioni zina jasho na samaki na mafuta ya taa. Wakacheka. Binti wetu hakucheka. Akasema, "Lakini huyu anafurahia. Inanuka, na yeye anaivuta tena."

Tukaendelea. Konda anashtuka, kuna macho mawili nyuma ya basi yanamtazama. Anaogopa kwamba ameonwa. Anasogea, anagundua jamaa amelala macho wazi na udenda unamtoka. Woga wote unageuka matusi, anamfokea kama takataka isiyo na bei sokoni.

Binti akawaza, halafu akasema polepole: "Madam, huyu konda aliogopa macho. Alipokuta macho hayaoni, akatukana."

Niliiandika ubaoni kama alivyoisema. Nilikuwa nimefundisha kitabu kile miaka kadhaa na kwenye notisi zangu hoja ya rushwa ilikuwa na mistari minane, na mistari yote minane haikufika pale. Katika nchi ile mwizi anachoogopa ni kuonwa tu, na wanaoona wamelala. Haya yote yako kwenye basi, kabla waziri yeyote hajatokea. Hiyo ndiyo mandhari inayosema, na ndilo swali la moko alilopatia 6.

Hapo nikajua la kufanya, ingawa muda ulikuwa umebaki wiki kumi tu.

Vituo

Sikuwaambia wasome vitabu vizima. Ningewaambia hivyo Februari, wangerudi kwenye madesa kwa hofu. Nilichagua mahali sita katika kila riwaya, tukapaita vituo. Kwa Armah: basi la alfajiri, mkono wa ngazi katika ofisi ya reli, Oyo, mke wa mhusika mkuu, anapomwita mumewe ndege chichidodo, nyumba ya Koomson, choo, kizuizi cha polisi mwishoni. Kila kituo prepu mbili. Nasoma kwa sauti, tunaongea Kiswahili, halafu kila mmoja anaandika sentensi tatu kwa Kiingereza, zake mwenyewe, daftari zote zilizobaki zikiwa zimefungwa.

Nakala zilikuwa 7. Nilichukua zile mbili zisizo na jalada, nikazifumua uzi, nikazigawa vipande kufuata vituo, kila kipande kikaingia kwenye faili la karatasi ngumu. Ghafla nakala mbili zikawa vitabu vidogo 12 vinavyoweza kusomwa na mabweni tofauti usiku mmoja. Mtunza maktaba alinikasirikia na nilimwelewa. Ningefanya tena.

Pale kwenye mkono wa ngazi tulikwama. Neno lenyewe la Kiingereza hakuna aliyelijua, na Armah anakaa nalo, anaeleza jinsi ule ubao unavyopakwa rangi na kung'arishwa tena na tena huku ndani unaoza, na kwamba katika mashindano ya kung'arisha na kuoza, kuoza hakushindwi. Nikawatoa nje na tochi. Bweni lao moja lina mlango unaopakwa rangi kila wakaguzi wakikaribia. Nikamwambia mmoja bonyeza hapo chini. Kidole gumba kiliingia mpaka kwenye kucha, rangi ikakunjika kama ngozi ya maziwa, mchwa wakatoka. Hawakuhitaji tena kamusi. Usiku ule waliandika sentensi nzuri kuliko zote za muhula, na mmoja alitumia neno la kitabuni kwa usahihi bila kunakili.

Chichidodo ilikuwa rahisi. Ni ndege anayechukia kinyesi kwa roho yake yote, lakini chakula chake ni funza tu, na funza hunenepea chooni. Oyo anamwambia mumewe kwamba yeye ndiye ndege huyo, kwa kuwa anakataa hongo huku familia inataka kula. Darasa likagawanyika kama wanandoa. Nusu walimtetea Oyo kwa nguvu, na sikuwazuia. Notisi zangu zilisema Oyo ni mke mwenye tamaa, nukta. Msichana mmoja ambaye mama yake anauza mboga akasimama akasema, "Madam, watoto hawali uaminifu." Nilimwambia aandike hivyo hivyo, halafu aoneshe ni wapi kwenye ukurasa Armah anampa Oyo haki ya kusema hayo. Akatafuta mpaka kengele ya kulala.

Nilipingwa, niseme. Kuna wasichana waliokuja ofisini wawili wawili: "Madam, wenzetu wa shule nyingine wana hoja kumi na mbili kwa kila kitabu, sisi bado tuko kwenye basi." Na shule yetu, kama nyingi, ina sheria ya kuongea Kiingereza tu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilikwenda kuomba ruhusa ya Kiswahili kwenye prepu za fasihi na nikapewa kwa shingo upande. Msimamo wangu ni kwamba sheria ile, kwa somo hili, inaua. Inamfanya mtoto anyamaze pale pale anapoanza kuona. Anayejua takriri, taswira, kejeli na usimulizi kwa Kiswahili tayari ni mhakiki. Kumwambia aache ujuzi huo mlangoni kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza ni kumrudisha darasa la kwanza kwa makusudi.

Vyoo saba

Kituo ambacho sikukitarajia alikileta yeye.

Katika kitabu cha Achebe, Odili, mwalimu kijana, anakaribishwa mjini kwa Chief Nanga, mwalimu wake wa zamani ambaye sasa ni waziri. Nyumba ya Nanga ina bafu na vyoo saba, vinang'aa, ukivuta maji havitoi hata sauti. Karibu na hapo Odili anatuonesha upande wa pili wa mji ule: wakaaji wa nyumba wanatakiwa kwa sheria wawe na ndoo za kinyesi, ndoo ambazo mtu hupita usiku kuzibeba. Wazee wetu wa mijini wanamjua mtu huyo, walimwita topasi.

Binti alikuja na kitabu cha Achebe na faili la choo la Armah, vimefunuliwa, kimoja juu ya kingine.

"Madam, huku waziri ana vyoo saba havina kelele. Huku waziri anatoka kwa tundu la choo." Akanyamaza kidogo. "Hawa waandishi walisikilizana?"

Ndivyo Koomson anavyotoroka. Wanajeshi wako mlangoni, na yeye na yule bwana wanajipenyeza kwenye tundu la choo na kutokea upande wa pili, ambako ni njia ya mbeba ndoo. Kile kichwa kilichozoea viti vya ngozi kinapita mahali ambapo ndoo hupita. Mwezi mmoja kabla, binti huyu aliniambia hiyo kwenye notisi haipo.

Nikampa miaka. *A Man of the People* kilitoka Januari 1966, kinaishia na wanajeshi kuipindua serikali, na mwezi ule ule wanajeshi wakaipindua serikali ya Nigeria kweli. Tarehe 24 Februari 1966 Nkrumah akapinduliwa Ghana, na mapinduzi hayo ndiyo yanayomkimbiza Koomson katika kitabu cha Armah, kilichotoka 1968. Nchi mbili, wiki sita kati ya mapinduzi na mapinduzi. Hawakuhitaji kusikilizana.

Yeye huosha vyoo vya bweni Jumanne na Ijumaa, iko kwenye ratiba ubaoni. Nadhani ndiyo maana aliona. Msomi aliyekaa mbali na ndoo angeweza kupita kurasa zile akizihesabu kama uchafu wa lugha, na nimewahi kusikia watu wazima wakilalamika kwamba Armah ananuka mno kufundishwa wasichana.

Kutoka kuona hadi dakika 36

Kuona hakutoshi kwenye chumba cha mtihani. Hapa ndipo nilipotumia nguvu nyingi Aprili, na ndipo mwalimu mwingine anaweza kuchukua kitu.

Nilimpa vituo 12 na maswali matano tofauti: la mandhari, la mwanamke, la jina la kitabu, la tamathali, la tumaini. Sikutaka insha. Nilitaka aniambie tu ni vituo gani vinafaa kwa swali gani, na kwa nini. Akagundua kwamba kituo kimoja kina kazi nyingi. Chichidodo inajibu swali la tamathali, inajibu swali la mwanamke, na inajibu la tumaini, kwa sababu ndege yule anarudi kuimba ukurasa wa mwisho. Kizuizi cha polisi ni hivyo hivyo: serikali imeshapinduliwa, dereva wa basi jipya bado anampenyezea askari hela, na mgongoni mwa basi lile ndipo yalipochorwa maneno ambayo ni jina la kitabu, na neno moja limekosewa herufi. Jina la kitabu, mandhari, tumaini, vyote viko kwenye basi moja. Mtoto anayejua vituo sita vizuri hahitaji hoja 30. Anageuza kile anachokijua kielekee swali.

Kwa uandishi nilimpa sharti moja gumu: sentensi ya kwanza ya kila aya iwe na kitu kinachoshikika. Noti, ubao, ndoo, tundu. Marufuku kuanza na neno rushwa. Alilia siku ya kwanza. Kisha aya zake zikaanza kusogea, kwa sababu ukianza na noti puani mwa konda lazima sentensi ya pili useme kitu kuhusu noti, na ukifika ya tatu umeshafika kwenye rushwa kwa miguu yako.

Dakika tano za mwanzo kalamu inapigia mstari swali: linauliza kitu gani, na linataka nikifanye nini. Kuonesha si kujadili, kujadili si kulinganisha. Hili nililirudia mpaka wakawa wananiigiza bwenini.

Mtihani wa ndani wa mwisho wa Aprili, swali la riwaya, jina la kitabu na maudhui yake, alipata 13. Nimeihifadhi skripti hiyo. Nyakati za vitenzi zinayumba, aya moja inaanza wakati uliopita na kuisha wakati uliopo, na kitabu cha Achebe kimepewa nusu ukurasa tu kwa sababu muda ulimwishia. Lakini nilisoma kurasa mbili kabla ya kugundua kwamba sijainua kalamu nyekundu, na hakuna sentensi yangu hata moja ndani yake.

Ushairi sikufanikiwa. Mbinu ya vituo inataka tukio, na shairi fupi wakati mwingine ni sauti tu. Hawa mabinti wanasikia vina na mizani ya Kiswahili kwenye damu, ila mapigo ya shairi la Kiingereza lisilo na vina hayakuwaingia, na wiki zilikuwa zimekwisha. Waliingia mtihanini na mashairi waliyokariri. Hilo ni deni langu kwao.

Matokeo yalitoka Julai. Baraza hutoa daraja moja kwa somo zima, pepa zote mbili pamoja, kwa hiyo mwalimu haoni fasihi peke yake ilikwendaje. Binti alipata C. Msichana mwingine, ambaye alikataa vituo akakariri desa lake mpaka asubuhi ya mtihani, naye alipata C. Nimeambiwa na mwenzangu yule wa ofisini kwamba hiyo inathibitisha alichosema. Mimi nina skripti mbili kabatini, ya Februari na ya Aprili, na yeyote anayetaka nitampa azisome.

Notisi zangu za Armah nilizichoma Juni. Kidato cha tano kipya kimeanza na basi la alfajiri, wiki mbili nzima, na nakala nyingine mbili zimefumuliwa.

Mafaili yale 12 niliyakusanya siku walipofunga. Yalirudi 11. Lililokosekana ni moja la choo, kurasa za Koomson. Najua bweni lilikolala mara ya mwisho, na namba ya simu ya mzazi ninayo. Sijapiga.